Siku nne za kusokota uzi na kuutia rangi mjini Kampala

Nililipa shilingi 180,000 kwa mafunzo ya siku nne katika karakana ndogo ya Kampala, na kwa mtu ambaye hakuwahi kushika pamba mbichi, sehemu ya kusokota peke yake ilistahili gharama hiyo. Mwalimu, ambaye sote tulimwita Mama, alitunyima gurudumu la kusokotea kwa siku mbili nzima, akatufundisha kwa kijiti chenye kisahani cha mbao, huku akieleza kwamba pamba ile ya Kasese, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ni fupi kuliko za sufu, hukatika isipozungushwa kwa kasi na kuvutwa kidogo kidogo. Uzi wangu wa kwanza ulijaa vinundu kama kamba ya kufungia mbuzi. Wa tatu ulifaa kufumwa.

Upande wa rangi sikuridhika. Tulichemsha maganda ya vitunguu na bizari ya manjano, lakini uzi ulitiwa shabu tu, ile chumvi ya madini inayosaidia rangi kushika, bila kuloweshwa kwanza katika maji yenye tanini, kama ya majani ya chai, ambayo huisaidia pamba kuishika shabu. Wala hatukuambiwa kwamba rangi itokanayo na manjano hupauka upesi juani, jambo nililoligundua baada ya kuuacha uzi wangu dirishani kwa wiki moja. Ule wa vitunguu bado umeshika rangi.

Vifaa vilitosha watu sita, nasi tulikuwa tisa. Anayeanza ningemshauri alipie siku mbili za kwanza, ikiwa karakana itakubali kuzitoza peke yake.