Dishi la mama Kibosho, ruta yangu Rau: uzoefu wangu wa kulipia vyote viwili

Bao la Zambia nililisikia kabla sijaliona. Ilikuwa tarehe 21 Januari 2024, AFCON, Taifa Stars wanacheza na Zambia kule San Pedro, Ivory Coast. Msuva alishatufungia dakika ya 11, na sisi sebuleni kwangu Rau, hapa Moshi, tulikuwa tunahesabu dakika tupate ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye mashindano hayo. Nilikuwa natazama kwa intaneti. Baa ya jirani ina dishi. Ghafla baa ikanyamaza, kisha watu wakaguna kwa pamoja. Mdogo wangu akanigeukia: "Kaka, wametufunga?" Kwenye skrini yetu kona ilikuwa haijapigwa. Tukakaa kimya tukilisubiri bao ambalo tulishaambiwa: dakika ya 88, kona ya Chama, kichwa cha Daka. Moja moja.

Siku nyingine nilipima. Nilikwenda kwa mama yangu, kule Kibosho mlimani, nikawasha chaneli ileile kwenye king'amuzi na kwenye simu, nikaziweka pembeni pembeni. Simu ilichelewa sekunde 38. Na hili halitibiki kwa kununua kifurushi kikubwa zaidi. Satelaiti iko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Wimbi kupanda na kushuka ni kama robo sekunde tu. Kwa intaneti, picha inakatwa vipande vya sekunde chache chache, vinapangwa kwenye seva, halafu programu inajiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kukuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isikwame. Akiba hiyo ndiyo inayokuchelewesha. Kwa tamthilia haina shida yoyote. Kwa mpira, na baa iko ukutani kwako, inaumiza.

Nieleze kwa nini ninavyo vyote viwili. Kwangu nimeachana na dishi tangu Novemba 2023. Kwa mama king'amuzi kipo na malipo yake yanatoka kwangu. Kwa hiyo kila mwezi natoa shilingi 70,000 za ruta ya 4G, kifaa kinachovuta intaneti kutoka mnara wa simu, na 28,000 za kifurushi cha king'amuzi, na kila mwezi najiuliza kama nazitupa.

Kabla ya ruta nilikuwa naunga bando la simu, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho matangazo hayasemi. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida inakula hadi GB 1, na ya HD, yaani picha kali, hadi GB 3. Bando la GB 10 kwenye HD halivuki saa tatu na nusu. Sasa fikiria nyumba ya kwetu: runinga inawashwa asubuhi, mgeni anaingia inawaka, anaondoka bado inawaka. Dishi halihesabu. Ukishalipa mwezi, tazama saa moja au saa ishirini ni bei ileile. Bando linahesabu kila dakika. Nilianza kuwa mlinzi wa runinga. Watoto wa dada yangu walikuja likizo, wakaweka katuni YouTube, nami nikawa naingia sebuleni kila baada ya nusu saa kuuliza kama bado wanatazama. Siku ya tatu yule mdogo, wa miaka sita, akanifuata jikoni akaniuliza: "Mjomba, leo tunaruhusiwa dakika ngapi?" Iliniuma sana. Wiki ileile nikanunua ruta isiyo na kikomo.

Ruta imenipa amani, hilo nalikiri. Niliahidiwa kasi ya Mbps 10, yaani megabiti kumi kwa sekunde, na HD kamili inahitaji kama 5, kwa hiyo hesabu inatosha. Asubuhi nikipima napata 9 na kitu. Tatizo ni saa mbili usiku. Kuanzia hapo hadi saa nne kila mtu amerudi nyumbani, wote tunagombania mnara mmoja, na kasi inashuka hadi 2, siku nyingine 1. Picha inakuwa ukungu, kile kiduara kinaanza kuzunguka. Nimepiga simu huduma kwa wateja mara nyingi, na jibu ni lilelile: zima, subiri dakika mbili, washa. Hakuna aliyewahi kuniambia wazi kwamba mnara umeelemewa. Wangesema tu, ningewaelewa. Dawa ingekuwa faiba, intaneti ya waya hadi nyumbani, na faiba ipo: nguzo ya mwisho naiona nikisimama getini, mita kama 300. Nimejiandikisha mara mbili. Mpaka leo hawajaja.

Krismasi ya 2023 nilipanda na ruta Kibosho nikitaka kumwachisha mama king'amuzi. Wenye kwao mnajua Desemba mlimani ikoje: wote wamerudi kutoka Dar na Arusha, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kimejaa watu, kila mtu ana simu. Nyumba ya mama imeinama kando ya korongo. Sebuleni ruta ilikuwa haishiki kabisa. Dirishani chumbani kwake, upande unaotazama mjini, ilishika vistari viwili. Tukaifunga pale kwa kamba, mlango wa chumba ukabaki wazi ili mawimbi yafike sebuleni. Mama alikaa akimenya ndizi za mtori, anasubiri taarifa ya habari. Ilichukua dakika nne kufunguka, ikacheza kidogo, ikasimama. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema bila hasira: "Mwanangu, nirudishie ile yangu." Nikairudisha.

Si kwamba dishi halina makosa yake. Mvua ya masika ikimwagika kweli kweli, picha inakatika, na kule juu inanyesha kuliko mjini. Mawimbi ya madishi haya madogo yana urefu wa sentimita 2.5 hivi, na matone makubwa yanayanyonya na kuyatawanya. Mvua ikipungua yanarudi, mara nyingi ndani ya nusu saa. Shida kubwa zaidi kwetu ni mti. Dishi la mama limeelekea magharibi, na upande huo jirani ana mparachichi. Tulipofunga dishi mwaka 2017 ulikuwa haujafika usawa wa paa. Sasa majani yakilowa tu, chaneli nusu zinapotea. Fundi alikuja mwezi uliopita, yeye juu ya bati na spana, mimi dirishani napiga kelele: "Imekuja! Imepotea! Hapo hapo, usiguse!" Alipata nafuu kidogo, si sana.

Lakini kuna Jumapili moja sitaisahau, tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikazimika au ikawa ya kubahatisha. Ruta yangu ilikuwa inawaka taa zote bila kuleta kitu. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, nikakuta anatazama kwaya kwenye king'amuzi kama siku nyingine yoyote, hata hajui kwamba kuna kilichotokea.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeuliza: kama faiba imefika mlangoni kwako, hama bila wasiwasi, ila mechi kubwa nenda kaangalie kwa mwenye dishi. Kama unategemea bando la simu, usiuze king'amuzi, hasa kama nyumba ina watoto au mzee anayeshinda nyumbani. Ruta ya mnara ijaribu kwanza kwa kuazima, na uijaribu saa tatu usiku, ndani ya chumba utakachotazamia. Dukani saa nne asubuhi zote ni nzuri.

Mimi nitaendelea kulipia vyote viwili. Jirani wa mama amekubali tupunguze matawi mawili ya mparachichi, na Jumamosi napanda na fundi.