Kukuza picha inajua, kuirudisha ndiyo kasheshe

Jina la programu hii ya kukuza picha nalihifadhi, maana ugomvi wetu bado haujaisha. Nimeitumia miezi mitatu, na kwa kazi yenyewe ya kukuza sina neno. Picha ya babu niliyoikata kutoka kwenye picha ya ukoo mzima ilikuwa na pikseli 1,500 kwa 1,000, ya kutazama kwenye simu tu. Nikaikuza mara nne kila upande, ikawa 6,000 kwa 4,000, inatosha kuchapishwa kwa upana wa nusu mita. Mvi za ndevu zilikuja moja moja. Kasoro ni kifungo cha shati: kiliingia na matundu manne, kikatoka na matatu. Programu hizi zisipoona vizuri hubuni, kwa hiyo kagueni hadi vifungo.

Kasheshe iko njiani. Nikiwa kwenye programu nyingine, ya kuhariri picha, naipeleka picha kwenye hii ya kukuza kwa amri yake. Inatengenezwa nakala ya TIFF (aina ya faili kubwa la picha) ya biti 16 kwa kila rangi, inafunguka upande wa pili. Nakuza, nahifadhi, narudi: nakuta nakala ileile ndogo, kama vile sijafanya kitu. Nikarudia mara tatu, nikailaumu kompyuta, nikaizima na kuiwasha. Kesho yake ndipo nilipofungua folda yenyewe, nikakuta madude matatu, kila moja megabaiti 144 hivi, majina yao yameongezewa mkia ambao sikuuandika mimi. Kumbe programu ya kuhariri inasubiri faili lilelile ililolituma, jina lilelile, mahali palepale. Likija na jina jipya, hailitambui. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, siyo kile cha kutoa nakala mpya, na kuuzima huo mkia kwenye mipangilio. Ikishindikana, liingize faili jipya kwa mkono wako. Kwenye maelekezo yao sikuona hata mstari mmoja kuhusu hili, na hapo ndipo nilipowakata nyota ya kwanza.

Nyota ya pili imeondoka na rangi. Nilikuwa natuma kwa ProPhoto RGB, mfumo wenye rangi nyingi kuliko sRGB ya kawaida; babu akarudi amepauka kama mtu aliyetoka kuugua. Profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema rangi zisomwe vipi, ilikuwa imedondoka njiani, na faili lisilo na profaili kwa kawaida husomwa kama sRGB. Tangu nianze kutuma kwa sRGB sijaona tena mpauko huo.

Halafu, msiliburute faili ghafi la kamera (RAW) moja kwa moja kutoka kwenye folda. Marekebisho yenu ya mwanga na rangi hayamo ndani ya picha, yanatunzwa kando na programu ya kuhariri, hivyo picha itafika kule uchi. Ukali nao, ule wa kunoa kingo za picha, uacheni sifuri kabla ya kutuma. Mimi niliutia mapema, kila unywele ukarudi na uzi mweupe pembeni.

Wenye tamaa ya ukubwa nao wapige hesabu: picha ya megapikseli 24 ikikuzwa mara sita kila upande, kwa biti 16 inapita gigabaiti 5, na TIFF ya kawaida mwisho wake ni 4. Mimi naishia mara nne.

Nyota tatu kati ya tano. Babu yuko ukutani, na aliyeuliza kifungo kimepatwa na nini ni shangazi peke yake.