Visu vyepesi vya kukunja: uzoefu wangu na Opinel, Victorinox na Benchmade

Nabeba kisu cha kukunja kila siku, na kila siku kinapata kazi: tepu ya boksi, kamba ya plastiki iliyokazwa, tunda la kumenya, uzi unaoning'inia kwenye shati, penseli ya kuchonga. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayodai kisu kikubwa. Baada ya kupitia vizito na vyepesi nimebaki na mambo mawili ninayoyatanguliza kabla ya kutoa pesa: uzito, kisha unene wa ubapa, yaani lile bamba linalokata. Aina ya chuma, loki inayozuia ubapa usijikunje, na sura vinakuja nyuma ya hayo.

Nianze na uzito. Kisu kizito nilichokuwa nacho kilizidi gramu 150, mpini wake una mabamba ya chuma pande zote mbili. Mkononi kinavutia sana, unahisi umeshika kitu cha maana. Mfukoni ni habari nyingine kabisa. Suruali ya kitambaa laini inavutika upande mmoja, ukipanda ngazi kinakugonga paja, ukikaa kinachimba kwenye nyonga. Unaanza kukiacha mezani siku za haraka, halafu siku zote, na siku unayokihitaji unaishia kung'ang'ana na tepu kwa funguo.

Kisu kikiwa chini ya gramu 60 adha hiyo inakwisha, maana hukisikii tena. Hapo cha kukagua ni mpini, kwa kuwa ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Chuma kina gramu 7.8 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, alumini gramu 2.7, na nailoni yenye nyuzi za kioo iko chini zaidi. Mbao kavu inaelea kwenye maji. Kwa hiyo visu viwili vyenye ubapa wa urefu uleule vinaweza kupishana uzito mara tatu, na tofauti yote iko pale unaposhika, si pale unapokatia.

Visu vitatu nitakavyovizungumzia vyote viko chini ya gramu 60, na nimevitumia vya kutosha kuwa na maoni juu ya kila kimoja: Opinel Namba 8 ya chuma kisichoshika kutu, yenye gramu 45 hivi, Victorinox Cadet, ambayo inakaribiana nayo sana kwa uzito, na Benchmade Bugout ya gramu 52.

Sasa unene, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi kabisa. Wanauliza chuma gani, kinafunguka vipi, kinafunga kwa nguvu kiasi gani. Mimi nakitazama kisu kwa juu, upande wa mgongo, nione ubapa una unene gani, kisha nafuata jinsi unavyoteremka kuelekea kwenye makali. Makali ni milimita moja ya kwanza tu ya safari. Kinachofuata nyuma yake ni ubapa, na ubapa ndio unaoamua kama kisu kitapita au kitakwama.

Jaribio langu ni karoti nene. Kisu chenye mgongo wa milimita 3.5 au 4, hata kikiwa kimenolewa hadi kinanyoa nywele za mkono, kinaingia kidogo, halafu karoti inapasuka kwa kishindo na kipande kinaruka. Hapo makali yameacha kukata, ubapa unafanya kazi ya kabari. Opinel Namba 8 ina mgongo usiofika milimita 2, na ubapa wake unateremka mfululizo kutoka mgongoni hadi kwenye makali bila kituo njiani. Kwenye karoti ileile inashuka kimya, na unaweza kutoa vipande vyembamba hadi uone mwanga upande wa pili. Boksi gumu la karatasi ni vivyo hivyo: kisu kinene kinabanwa na kuta mbili za karatasi kadiri unavyovuta, chembamba kinateleza hadi mwisho kwa mkono uliolegea. Na mkono uliolegea ni usalama, kwa sababu majeraha mengi ya kisu hutokana na kusukuma kwa nguvu kitu kinachokataa kisha kikaachia ghafla.

Wembamba una gharama yake, na ni haki kuisema. Ubapa wa namna hii haukuumbwa kwa kubandua, kupinda wala kufungulia kopo la rangi. Ncha itakatika. Mwenye kazi hizo atafute bisibisi au mtaimbo mdogo, aache kisu kikate.

Opinel ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko vingine, kwa hiyo niruhusu niielezee kwa kina. Joseph Opinel alikitengeneza kisu hiki mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo: mpini wa mbao uliochongwa mviringo, wenye mpasuko wa kupokea ubapa, na pini moja ya kuviunganisha. Huo mviringo ni jambo kubwa. Mipini mingi ya visu vyepesi ni bapa ili ilale vizuri mfukoni, lakini ukichonga mti kwa muda, kingo zake zinaanza kuuma kiganja. Wa Opinel unaweza kuushika vyovyote vile na hauna kona ya kukuumiza.

Loki yake ni pete ya chuma yenye mwanya, iliyozunguka shingo ya mpini. Unafungua ubapa kwa ukucha, unaizungusha pete kwa kidole gumba, mwanya unahama, na ubapa hauna tena njia ya kurudi. Marcel Opinel aliibuni mwaka 1955, na tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakijifungui mfukoni. Hakuna springi ndani, hakuna skrubu ndogo za kulegea, hakuna kijishimo cha kujaa uchafu wa mfukoni. Napenda sana kwamba naweza kuielewa yote kwa kuitazama tu.

Upande wa pili ni kwamba inataka mikono miwili, na mbao ni mbao: ikilowa inafura na kuubana ubapa. Wenyeji wa Savoie wana dawa yao, kugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu ili ubapa uchomoze, na inafanya kazi. Dawa yangu mimi ni kinga. Mpini ukiwa mkavu kabisa naupaka mafuta ya kitani, nayaacha yanywe, nafuta yaliyobaki. Nikimaliza kukata tunda nafuta ubapa na ndani ya mpasuko kabla ya kukunja, sikiweki chini ya bomba. Kuna pia Opinel ya chuma cha kaboni, ambayo wapenzi wake wanaisifu kwa jinsi inavyonoleka, lakini itabadilika rangi siku ya kwanza utakapokata limau na itapata kutu ukiiacha na unyevu. Kwa kisu kinachokaa karibu na jasho siku nzima, mimi nasema chukua kisichoshika kutu.

Victorinox Cadet ni kisu cha mtu mwingine, au cha siku nyingine. Karl Elsener alianzisha karakana yake huko Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na kisu cha maofisa chenye zana nyingi kikaja mwaka 1897. Cadet ni mjukuu mwembamba wa kisu hicho: milimita 84 kikiwa kimekunjwa, mabamba ya alumini yenye vinundu vidogo visivyoteleza, na ndani yake ubapa, tupa ya kucha, kifungua kopo na kifungua chupa, hivi viwili vya mwisho vikiwa na ncha za bisibisi. Kwa uzito uleule wa Opinel unapata sanduku dogo la zana. Kinalala mfukoni kama sarafu kadhaa zilizopangana, na ukikitoa mbele za watu hakuna anayeshtuka. Jambo hilo la mwisho nalithamini. Mtu akinikabidhi bahasha niifungue, sitaki kutoa kitu kitakachomfanya arudi nyuma.

Hakina loki. Ubapa unashikiliwa na nguvu ya springi tu, kwa hiyo kinafaa kukata, hakifai kudunga. Ukikandamiza mgongo wa ubapa utajikunja juu ya vidole vyako mwenyewe. Mwanzoni wengi huona huu ni upungufu. Kwangu ni nidhamu tu ya mkono, na nikiwa na kisu cha namna hii naona nakata kwa uangalifu zaidi.

Bugout ilitoka mwaka 2017 na inashangaza ukiipima: gramu 52 kwa ubapa wa sentimita 8.2, loki kamili, na klipu ya kuning'iniza mfukoni. Inafunguka kwa kidole gumba cha mkono mmoja, na hiyo ina maana kubwa pale mkono wa pili umeshika kamba, ngazi au mtoto. Loki yake ni kipande cha chuma kinachovuka mpini kutoka upande hadi upande, kikivutwa na springi mbili. Ukikirudisha nyuma, ubapa unajikunja bila kidole chochote kuwa kwenye njia yake. Kwa anayetumia mkono wa kushoto ni raha tupu, maana pande zote mbili ni sawa.

Chuma chake, S30V, kinashika makali muda mrefu kuliko vile vingine viwili. Lakini kila chuma kinachokataa kuwa butu kinakataa pia kunolewa, na hapo ndipo maoni yangu yanapotofautiana na ya wengi. S30V ina vanadiamu nyingi, metali inayounda chembe ngumu ndani ya chuma, na chembe hizo zinataka kinoo cha almasi ili kazi iende. Victorinox, yenye ugumu wa 56 hivi kwa kipimo cha Rockwell, narudisha makali yake kwa dakika chache kwenye kitako cha kikombe cha kauri, ule ukingo mkavu usiopakwa rangi. Nalaza ubapa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi, nauvuta upande mmoja hadi nikipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali nihisi kaukwaru upande wa pili, kisha nageuza, namalizia kwa kuvuta polepole bila kukandamiza. Kwa kisu cha kukatia boksi na tunda, mimi nachagua chuma ninachoweza kukinoa mwenyewe popote nilipo.

Sheria usiipuuze, na inabadilika kutoka nchi hadi nchi. Uingereza, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kisicho na loki, unaweza kukibeba hadharani bila kutoa sababu. Chenye loki kinahesabiwa tofauti hata kikiwa kifupi. Cadet inapita hapo, Opinel Namba 8 na Bugout hazipiti. Ujerumani nayo ina masharti makali kwa visu vyenye loki vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Kwenye ndege weka kisu katika mzigo unaoingia chini, usikiache kwenye begi la mkononi, maana kitachukuliwa kwenye ukaguzi. Soma sheria ya mahali unapoishi na unapokwenda kabla ya kuchagua, kwa sababu inaweza kukuamulia suala la loki kabla hujafikiria lolote lingine.

Ukiniuliza wewe ununue kipi, nitakuuliza mikono yako inafanya nini mchana. Anayepanda ngazi au kufunga mizigo achukue cha mkono mmoja. Anayekaa ofisini, anayesafiri mara kwa mara, au anayeishi penye masharti makali, Cadet itamtosha miaka mingi. Anayependa kumenya, kuchonga na kukata vitu safi, na hajali kutumia mikono miwili, Opinel haina mpinzani kwa uzito wake.

Ukiwa nacho mkononi kabla ya kulipa, kikunjue, ushike ubapa karibu na ncha, uusukume kushoto na kulia taratibu. Ubapa usicheze. Kikunje tena, utazame ubapa umekaa katikati ya mpini bila kugusa ukuta wowote, na ncha imezama yote, maana ncha iliyochungulia hata kidogo itakuchana siku utakayotia mkono mfukoni kutafuta funguo. Mwisho omba karatasi nyembamba, ishike hewani kwa mkono mmoja na uikate kuanzia ukingoni. Kisu kikipita kuanzia shina la ubapa hadi ncha bila kuchana, lipa.