Daktari wa ubongo aliyeniambia mgongo wangu hauhitaji kisu: uzoefu wangu MOI

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kibaha. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka kwenye tako la kushoto, pembeni mwa muundi, mpaka juu ya wayo na kidole gumba. Kusimama ubaoni kipindi kizima ikawa adhabu. Kwenye zahanati moja ya binafsi walinichoma sindano za maumivu wiki hadi wiki, na hakuna aliyeniambia nivue viatu aniangalie miguu. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kidole kilikuwa kimeshaanza kufa ganzi.

Hospitali ya mkoa ndiyo iliyoniandikia rufaa kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, nikaonane na daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mama aliposikia neno "ubongo" alilia, na ndugu wakaanza kupigiana simu. Nawaelewa. Kwetu mtu akipelekwa kwa daktari wa ubongo, watu wanaona safari imefika mwisho. Kumbe mgongo ni sehemu kubwa sana ya kazi ya madaktari hawa, kwa sababu neva zinazopeleka nguvu miguuni zinapita humo kwenye uti.

Kwenye benchi nilijifunza mengi kabla hata sijaitwa. Kulikuwa na kijana aliyeanguka na bodaboda, ametolewa damu iliyovilia kichwani, na mama aliyempakata mtoto mwenye kichwa kikubwa, amewekewa mrija wa kushusha maji kutoka kwenye ubongo hadi tumboni. Mwingine alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Mwenye kifafa, au anayetetemeka mikono uzeeni, mara nyingi huanzia kwa bingwa mwingine, yule anayetibu mishipa ya fahamu kwa dawa. Ukijua tofauti hiyo mapema hutapoteza nauli kwenda kliniki isiyo yako.

Sasa daktari mwenyewe. Bahasha ya MRI, kipimo cha picha za ndani ya mgongo, niliyokwenda nayo aliiweka mezani bila kuifungua. Akaniambia, "Mwalimu, vua viatu, tembea kwa visigino mpaka mlangoni." Nikatembea. Akanilaza, akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika mbali nikapiga kelele. Akakandamiza kidole gumba changu kwa kidole chake na kuniambia nikisukume juu, halafu akafanya vivyo hivyo mguu wa kulia, akilinganisha. Akanipitishia pamba kwenye ngozi huku nimefumba macho, nimwambie nahisi wapi na wapi sihisi. Aliniuliza pia, bila kuona haya, kama mkojo na choo navizuia vizuri, na kama nahisi ganzi sehemu za siri. Hapo tu ndipo alipofungua picha.

Akanionyesha: diski, yaani ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imechanika ukuta wake, ute wa ndani umetokeza na unabana neva. Nilikuwa nimeshajiandaa kuulizia tarehe ya upasuaji. Akasema, "Neva imebanwa, lakini nguvu bado unayo. Sioni sababu ya kukupasua sasa." Akaeleza kwamba mara nyingi kile kipande kilichotokeza husinyaa chenyewe, na wagonjwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache kwa dawa, mazoezi ya fiziotherapia na kuendelea kutembea badala ya kulala kitandani. Maumivu yakigoma, au mguu ukianza kupungua nguvu, atafungua sehemu ndogo mgongoni na kutoa kipande kinachobana.

Namheshimu sana kwa hilo. Mtu aliyesomea udaktari miaka mitano, akaongeza mwaka wa mafunzo kwa vitendo na miaka mingine ya ubingwa, anajua kukata. Mimi nilihitaji anayejua pia wakati wa kutokata, na anayeniambia sababu kwa lugha ninayoielewa.

Maumivu yamepungua sana. Kidole bado kina ganzi kidogo, na kliniki nimepangiwa kurudi.

Anayetafuta bingwa wa namna hii si lazima aje Dar: wapo kwenye hospitali za Bugando Mwanza, KCMC Moshi na Benjamin Mkapa Dodoma. Hakikisha jina lake limo kwenye rejista ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Beba picha zenyewe, karatasi ya majibu peke yake haitoshi, na uliza bima yako inagharamia nini kabla ya kupiga MRI. Ila ukiona mkojo hautoki au unatoka wenyewe, ganzi imeingia sehemu unayokalia, au mguu unalegea ghafla, usingoje rufaa wala tarehe ya kliniki. Nenda dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie dalili hizo mlangoni.