Vioo vya tachi: kipi kinadumu, kipi kinavunjika mapema

Wengi huogopa kwamba tachi itachoka kwa kuguswa sana. Kwa simu na tableti za leo hofu hiyo haina msingi. Kioo hakibonyei, kinahisi tu badiliko dogo la umeme kidole kinapokaribia. Kinachokiua ni kuanguka, mchanga, joto na betri iliyovimba. Kwa hiyo nimevipanga kwa umbo na kilichomo ndani, nikaziacha sifa za kwenye boksi.

1. LCD bapa, yaani kioo ambacho picha yake huangazwa na taa iliyo nyuma. Weusi wake una ukijivu, na haivutii ikiwekwa kando ya OLED, aina ya pili hapa chini. Hata hivyo, anayetaka simu ya kumfikisha miaka minne au mitano namshauri aanzie hapa. Kioo cha juu kikipasuka, mara nyingi picha hubaki nzima na tachi huitika, unaendelea kuitumia mpaka umfikie fundi. Tazama na ukingo: fremu ikiwa imeinuka kidogo kuliko kioo, simu ikilala kifudifudi ni fremu inayogusa meza.

2. OLED bapa. Rangi zake nazipenda sana, lakini vitone vinavyounda picha yake hujiwashia mwanga vyenyewe na vya bluu huchakaa mapema. Ndiyo maana simu iliyotumika sana huonyesha kivuli cha kibodi hata ukifungua ukurasa mweupe. Na ufa ukifika ndani, hewa na unyevu hupenya. Doa jeusi kama wino huanzia pembeni na kutanuka siku hadi siku. Hapo hakuna dawa ila kubadilisha paneli nzima.

Ukinunua iliyotumika, fungua picha ya kijivu ijae kioo chote, utafute vivuli. Kisha shikilia aikoni ya programu na uikokote polepole kona hadi kona. Ikikuponyoka mahali palepale kila mara, tachi ya hapo imekufa. Maliza kwa kupitisha ukucha kwenye ungio la kioo na fremu. Tableti yangu ilianza kuinuka upande mmoja, nikadhani ni gundi imeachia. Ilikuwa betri imevimba, ikakisukuma kioo mpaka tachi ikakatika. Ukucha ukizama upande mmoja tu, usinunue.

3. Kioo kilichopinda pembeni. Kinapendeza mkononi, ila simu ikianguka kwa ubavu kioo ndicho kinachopokea pigo, na protekta hainati vizuri kwenye mpindo.

4. Kinachokunjwa. Samsung ilitaja mikunjo 200,000 kwa Galaxy Fold ya kwanza. Ukikunja mara 100 kwa siku, ni miaka mitano na ushei, si haba. Tatizo ni uso wake: juu kuna plastiki laini, ukucha tu unaweza kuacha alama, na punje ya mchanga ikinaswa kwenye mkunjo huibonyeza kila unapofunga. Mtu wa kazi za vumbi asikiguse.

Chochote utakachochagua kati ya vile viwili bapa, weka protekta ya kioo siku ileile. Kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa vitu kuanzia 1 hadi 10, vioo vingi vya simu huanza kuchubuka kwenye 6, na punje za mchanga mara nyingi hufika 7. Mfuko uliokaa na mchanga huchora kioo bila simu kuanguka hata mara moja.