Mwongozo wa profaila kwa mawakala wa AI: "stop" imeniharibia kila kitu

Nyota nne nilishaziandika. Nimezifuta.

Chombo chenyewe, profaila, yaani programu ya kupima ni sehemu gani ya programu nyingine inakula muda wa CPU, kina haki yake. Kinakaa juu ya perf, kipimaji cha utendaji cha Linux, na kumpa wakala wa AI amri chache: kuanza, kusitisha, kuendelea, kufunga, kusoma matokeo. Hakuna madirisha wala menyu za kumkwamisha. Ila mwongozo wa toleo hili la juzijuzi, unaojinadi kuwa umeandikwa kwa ajili ya mawakala, umeieleza amri muhimu kuliko zote hivi: stop husimamisha upimaji. Basi, wameishia hapo.

Huusimamisha vipi, na lini? Amri inarudi papo hapo na namba 0, yaani "imefanikiwa", wakati perf bado inamalizia kuandika perf.data, faili la vipimo. Wakala akiona 0 anaamini, anafungua faili saa ileile, anakuta limekatika au halina hata sampuli moja, yaani rekodi ya CPU ilikuwa inafanya nini wakati fulani. Mtu angeshtuka, angesubiri kidogo, angejaribu tena. Wakala anaripoti kwamba CPU haina kazi, kwamba tatizo liko kwenye diski, halafu anaanza kufumua msimbo wa hifadhidata usio na kosa lolote. Tena ripoti yake imenyooka, ina hoja na vichwa vya habari! Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, naye anakuuzia wewe.

perf ikichelewa zaidi kumalizia ndiyo balaa. Wakala anadhani stop imegoma, anakimbilia kill -9, yaani kuiua kwa ishara ya SIGKILL. Ishara hiyo haiipi perf nafasi ya kufunga faili, kwa hiyo ukubwa wa data kwenye kichwa cha faili haujazwi, na perf report, amri ya kusoma matokeo, inatoa onyo kwamba ukubwa huo ni 0. Inayotakiwa ni SIGINT, ishara ileile ya Ctrl-C, kisha kusubiri mchakato utoke wenyewe. Mstari mmoja tu kwenye mwongozo ungetosha.

Na dawa imo ndani ya perf yenyewe. Tengeneza fifo mbili, mabomba ya kupitishia ujumbe kati ya programu, kwa mkfifo, anza na perf record -D -1 --control=fifo:ctl,ack, na upimaji unaanza ukiwa umezimwa. Tuma enable, subiri ack, jibu la kwamba amri imepokelewa. Endesha kazi unayotaka kuipima. Tuma disable, subiri ack. Kisha SIGINT, na faili lisiguswe mpaka mchakato uishe. Chombo hiki kinapita njia hiyohiyo kwa ndani, ila jibu la ack kinalimeza. Kwa nini? Anayelihitaji ni wakala!

Kuhusu ruhusa wameandika "tumia ruhusa zinazofaa". Kwa wakala hiyo ni tiketi ya sudo, haki za msimamizi mkuu wa mfumo. Wangemwambia asome /proc/sys/kernel/perf_event_paranoid, namba inayosema mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kupima nini: ikiwa 2, apime michakato yake bila kerneli, ikizidi hapo na perf ikikataa, asimame amuulize mtu.

Mfano wao wa kupima kwa 99 Hz, yaani sampuli 99 kwa sekunde, ni wa sekunde 1. Kwa kiini kimoja cha CPU kinachofanya kazi muda wote hizo ni sampuli 99, na fankisheni inayokula 2% itapata kama mbili. Wakala atazichukua hizo mbili kuwa ushahidi. Sekunde 30 zinakupa karibu 2,970, hapo mnaweza kuzungumza. Programu iliyokompailiwa bila frempointa (alama zinazoonyesha fankisheni ipi iliita ipi) nayo inatoa staki, yaani minyororo ya miito hiyo, zilizokatika ukitumia -g peke yake. Chaguo la --call-graph dwarf linasaidia, lakini kwa kawaida linanakili baiti 8,192 za staki kwa kila sampuli, kwa hiyo faili linavimba haraka. Mwongozo hauna hata neno juu ya hili.

Sasa haki nyingine: matokeo yanatoka kwa JSON, muundo wa data unaosomeka na programu, fankisheni 20 za juu tu, bila kumjazia wakala maelfu ya mistari. Hilo wamelifikiria vizuri kuliko wengi, na kwa hilo pekee nilikuwa narudi kwenye nyota tatu. Halafu nikaona JSON hiyo haitaji idadi ya sampuli. Mbili.

Chombo nitaendelea nacho, sikatai. Ila mwongozo wao nimeuondoa kwenye AGENTS.md, faili la maagizo ya wakala, na kuweka mistari yangu: subiri mchakato utoke, kill -9 marufuku, sampuli zikiwa chini ya 1,000 usitoe hukumu, pima upya.