Atovastatini ya 20 + ezetimibi ya 10: nyota 4

Hizi ni dawa za kushusha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Atovastatini natumia toka mwaka jana, ile ya bei ya kawaida sio ya brandi, ezetimibi niliongezewa juzijuzi tu, kwa hiyo rivyu hii ni ya zote mbili maana kwangu mimi zikiwa pamoja ndo nimeona mambo.

Atovastatini inafanyia kazi kwenye ini. Watu wakisikia lehemu wanafikiria chipsi mayai tu, kumbe sehemu kubwa mwili unaitengeneza wenyewe. Kidonge kinakibana kimeng'enya ambacho ini linakitumia kutengenezea lehemu, sasa ini likiona imepungua ndani linatoa vipokezi vingi vya kuidaka LDL (ile lehemu mbaya) inayopita kwenye damu, na hapo ndo kipimo kinashuka. LDL yangu ilitoka 4.8 ikaja 2.9 mmol/L, mlo uleule.

Daktari akasema bado iko juu, nikamwambia basi tupandishe dozi mara mbili, akagoma. Kumbe statini (kundi la dawa kama atovastatini) ukiidabo LDL inashuka kama asilimia 6 tu zaidi, na hatari ya misuli kuuma inapanda. Ndo akaleta ezetimibi, yenyewe ini haina habari nalo, iko kwenye utumbo mdogo inazuia lehemu isifyonzwe, ya kwenye chakula na ile ya kwenye nyongo ambayo kila siku huwa inarudi mwilini kimyakimya. Saizi nasoma 2.2. Kwa kidonge kidogo vile sikutegemea kabisa.

Muda wa kumeza usiwape presha, atovastatini inakaa sana mwilini so asubuhi au usiku sawa tu, simvastatini ndo ya usiku. Ila juisi ya balungi punguzeni, inapandisha dawa kwenye damu. Na mwenye mimba au anayetafuta mtoto aongee na daktari kwanza.

Nyota moja nimekata kwa mapaja kuuma wiki za mwanzo (walipima damu misuli iko poa, yakaisha yenyewe) na ezetimibi kupatikana kwa shida. Famasi moja hawakuwa nayo wakataka kunipa fenofibrati, eti "si zote za mafuta". Jamani! Ile kazi yake kubwa ni kushusha triglisaridi (mafuta ya aina nyingine kwenye damu), sio mbadala wa hii. Nendeni na cheti au jina kamili la dawa, msiseme tu "nipe ya mafuta".